Kubebeshwa kwa Mzee Kondo

Kitendawili nawategea, wajukuu zangu, na leo sitaki mkirukie kama kuku waliomwagiwa mtama. Ninacho kitu kikubwa kuliko nyumba. Nikihama hakihami. Nikiwa nacho sikioni, na siku ninayokikosa ndiyo siku ninayokiona. Ni nini?

Kivuli? Sicho. Upepo? Sicho. Wewe wa pembeni unayesema usingizi, wewe una usingizi wako, kanawe uso. Mmeshindwa, basi nipeni mji. Tanga? Tanga nimekwisha kwenda. Tabora nimekwenda mpaka nimechoka. Leo nipeni mji ambao bado haujajengwa, ambao hata mimi sitauona. Nipeni Nyashimba.

Haya. Nimekwenda Nyashimba, kando ya ziwa kuu, nikafika jioni jua limeinama. Wenyeji wakanipa kigoda, nikawaambia jibu: kitu chenyewe ni kwenu. Ukiwa kwenu hukuoni. Unaona mlango, na kuku, na moshi wa jirani. Ukikukosa ndipo unakuona kote. Wale watu hawakushangaa. Katika mji ule jibu hilo kila mtu analijua, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyezaliwa pale. Wakaninyooshea kidole upande wa maji, wakasema, kama huamini mtazame yule bibi wa kanga ya bluu, aliyemshika mumewe mkono kama anayemfundisha kutembea.

Bibi mwenyewe ni Bi Sikudhani binti Ulembo, na mumewe ni Mzee Kondo, mchemsha chumvi wa Kidembwa. Kidembwa ilikuwa pwani. Nasema ilikuwa, maana bahari ilipopanda haikubisha hodi.

*

Langoni pa ukingo wa ziwa walimkuta Minza, muuguzi kijana, anawangoja.

“Shikamoo babu. Shikamoo bibi.”

“Marahaba, binti yangu,” Mzee Kondo akajibu, na sauti yake ilikuwa imejaa, kama ya mtu aliyekula akashiba.

Minza akainua ukingo wa kofia ya Mzee Kondo, akachungulia nyuma ya sikio. Palikuwa na punje nyeusi, ndogo kama mbegu ya papai, imejishikiza kwenye ngozi. Kwenye punje ulining'inia uzi mwembamba kama wa buibui.

“Imeshika vizuri,” akasema. “Leo ndiyo matembezi ya mwisho, bibi. Mtatembea kwa raha zenu mpaka kule kwenye taa ya kijani, pale ukingo unapokwisha. Babu akipita chini ya ile taa, uzi utakatika wenyewe na punje itazama. Ikishazama, hata sisi hatuwezi kuitoa.”

“Na kabla ya taa?” Bi Sikudhani akauliza.

“Kabla ya taa, uzi uko mkononi mwako. Ukiuvuta punje inatoka, na kila kitu kinarudi kilikotoka.” Akasita, akaongeza polepole, “Kila kitu, bibi. Huwezi kuchagua hiki kirudi na kile kibaki.”

“Mnaniongelea mbele yangu kama mbuzi mnadani,” Mzee Kondo akasema. “Nifungueni mdomo basi, mnihesabu na meno.”

Minza akacheka. Bi Sikudhani naye akacheka, akaziba mdomo kwa pindo la kanga, kisha akageuza uso upande wa ziwa maana machozi yalikuwa yamemjia. Mumewe alikuwa ametania. Tangu walipoteremshwa Nyashimba na mabunda yao, mumewe hakuwa ametania mtu ila mara moja tu.

Wataalamu walikuwa na jina lao refu la ile kazi. Watu waliohamishwa, ambao wengi walikuwa wakulima, waliita kubebeshwa, kwa sababu waliielewa kwa mfano wa michungwa. Unachukua kikonyo cha mchungwa, unakibebesha juu ya shina la mlimao, unafunga, unangoja. Kikishika, mlimao unazaa machungwa na wenyewe hausemi neno. Punje nayo ilifanya hivyo. Ilitafuta kichwani mwa mtu mahali alipopapenda, ikauchukua utamu wa pale, ikaubebesha juu ya mahali alipo sasa. Ndiyo maana ilitaka matembezi: macho yaone ziwa, pua ivute harufu ya ziwa, nyayo zizoee njia, na utamu upite kidogokidogo kutoka kule kuja huku. Kumbukumbu zilibaki zote. Kilichohama ni utamu peke yake.

Na msifikiri waliibuni kwa ubaya. Nyashimba ilikuwa na nyumba safi na maji ndani na umeme wa jua, na watu walikuwa wanafia humo kama samaki kwenye beseni. Mtu alilala kuutazama ukuta, akakataa uji, akaenda. Hakuwa na homa wala jeraha. Mzee Kondo alikuwa amekwisha geukia ukuta.

*

Njia ya ukingoni ilijengwa kwa gugumaji, lile gugu linaloziba ziwa. Walilivua, wakalikausha, wakalishindilia kuwa matofali, na ukilikanyaga linabonyea kidogo kama godoro la sufi. Upande mmoja zilikuwako nyumba zilizojengwa juu ya maboya, zikipanda na kushuka pamoja na maji, na mama mmoja alikuwa anaanika nguo kamba ikimpanda na kumshukia, naye hajali. Mbali, wadudu wa ziwani walikuwa wameinuka juu ya maji kama moshi mweusi. Mtu wa pwani akiwaona mara ya kwanza hudhani kuna chombo kinaungua.

Kila hatua kadhaa palikuwa na nguzo ya taa, na nguzo zile zilisalimia. Zilimjua mpita njia ametoka wapi, zikamsalimia kwa lafudhi ya kwao, ili asijione mgeni. Walipoifikia ya kwanza, ikamwamkia Bi Sikudhani kwa ile sauti ya pwani ya kuvutavuta maneno. Kisha ikamsalimia Mzee Kondo. Ikamsalimia kwa lafudhi ya watu wa ziwani, nzito na ya kukatakata, na Mzee Kondo akaitikia bila kugeuza shingo, kama mtu anayemwitikia jirani wa siku zote.

Bi Sikudhani aliisikia.

“Tazama, Sikudhani,” mumewe akasema. “Jua linaingia majini.”

“Naliona.”

“Kidembwa lilikuwa linatoka majini. Kila asubuhi linatupiga machoni tunachota maji ya chumvi.” Alisema kama mtu anayesimulia kazi ya mtu mwingine. “Hapa linaingia. Limechoka, linaenda kuoga. Hii ndiyo sawa.”

Mkono wake ulikuwa na joto. Miezi iliyopita ulikuwa baridi na mwepesi kama ganda la muhogo. Bi Sikudhani alijiambia, shukuru, mwanamke, shika mkono ushukuru. Akashukuru. Na tena kulikuwa na hili la kumwita Sikudhani. Maisha yao yote ya ndoa, tangu walipopata mtoto, alikuwa akimwita Mama Mwantumu. Tangu punje ilipowekwa, akaanza kumwita jina lake la usichana. Mwanzoni lilimpendeza, akajiona kama mwari aliyetoka ndani. Hakujiuliza lile jina jingine limekwenda wapi.

Penye ngazi za kushukia majini Mzee Kondo akainama, akachota maji kwa kiganja, akaonja.

“Matamu! Maisha yangu yote napigana na maji machungu, nayachemsha mpaka macho yanawaka, kumbe huku kuna maji ya kunywa yamejaa mpaka upeo wa macho.” Akajipangusa kidevu, akamwangalia mkewe kwa macho mema. “Kwa nini na wewe hukubebeshwa? Ungeona ninachokiona.”

“Tazama mbele, usije ukateleza.”

“Nimekuuliza jambo.”

“Na mimi nimekwambia utateleza.”

*

Mbele, pale njia inapopanuka, alikaa Luhende, Mnyamwezi wa Tabora, muuza karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Naye alihamishwa, lakini kwa ukame. Wanyamwezi na Wazaramo, kabila la Mzee Kondo, ni watani tangu zamani za misafara, na mtani, wajukuu zangu, ana ruhusa ambayo ndugu wa tumbo moja hana. Anaweza kukutukania kwenu, kukuvua kofia, kuingia msibani kwako akamcheka maiti, nawe huruhusiwi kukasirika. Unaruhusiwa kumrudishia tu. Ndivyo anavyokuliwaza.

Siku ile Mzee Kondo aliposhushwa garini amebebwa, hasemi wala haoni, Luhende ndiye aliyepaza sauti: “Haa! Wazaramo! Viwanja mliuza mkachezee ngoma, leo na bahari nayo mmeiuza?” Watu wakashtuka. Lakini Mzee Kondo akainua kichwa pale pale kwenye machela, akasema kwa sauti ya kukwama: “Nyamaza ubebe mzigo, Mnyamwezi. Babu yako alifika pwani na jino la tembo begani, akaiona bahari, akauliza nani kamwaga maji.” Kisha akalia. Ilikuwa ndiyo mara pekee aliyotania, na ndiyo mara ya kwanza kulia. Bi Sikudhani alimpenda yule Mnyamwezi tangu siku hiyo.

Sasa Luhende alipowaona akaruka kutoka kwenye kigoda.

“Ficheni viwanja vyenu, Wazaramo wanapita!” Akamnyakua Mzee Kondo kofia, akaivaa yeye, kubwa kichwani mwake kama sufuria juu ya figa. “Kofia nimeiteka! Huipati mpaka uniambie kile kijidimbwi chenu cha Kidembwa kilikuwa na faida gani duniani, zaidi ya kuzaa mbu na wavivu. Bahari yenyewe ilikionea kinyaa ikakifunika!”

Bi Sikudhani akangoja. Mjibu, alisema moyoni. Mtukane. Mwambie kuhusu babu yake.

Mzee Kondo akatabasamu.

“Unasema kweli, ndugu yangu,” akasema. “Palikuwa na mbu wengi sana. Na kofia chukua, kama imekufaa.”

Luhende alisimama pale pale, kofia imemwinamia jichoni. Kisha akaivua taratibu, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mgeni.

“Samahani, mzee,” akasema.

Mtani haombi samahani. Bi Sikudhani alilisikia neno lile likimwingia mbavuni.

Mzee Kondo hakuona kitu. Alikuwa amekwisha chukua mchembe kwenye sinia, anatafuna. “Mitamu hii! Sikudhani, onja.” Mzaramo anasifu michembe. Siku nyingine Luhende angecheka mpaka alale chini. Leo alimvuta Bi Sikudhani pembeni kwa pindo la kanga.

“Mtani, mtu wangu mmempeleka wapi?”

“Si huyo hapo anakula?”

“Huyo ni mgeni mwenye adabu zake. Nimemtukania kwao, amenishukuru.” Alikuwa amekunja uso kama mtoto aliyenyang'anywa. “Mimi nilimtaka yule wa kwenye machela.”

“Yule alikuwa anakufa, Luhende.”

“Najua.” Akatazama chini. “Najua, dada. Mimi mwenyewe wananiita kila wiki nikabebeshwe, sijui nangoja nini. Lakini yule alikuwa na kwao.”

*

Wakaendelea. Taa ya kijani ilikuwa inaonekana sasa, imesimama mwisho wa ukingo juu ya mwamba, na nyuma yake ziwa limekuwa jekundu. Bi Sikudhani alitembea polepole. Mumewe akapunguza mwendo amngoje, bila kuuliza, kwa adabu.

“Mzee,” akasema. “Unaukumbuka ule mti wa mkungu uliokuwa nyuma ya mashimo yetu ya chumvi?”

“Naukumbuka. Ulikuwa umeinama upande wa bahari.”

“Na chini yake?”

“Kaburi la mtoto wetu.” Akatafuna mchembe. “Maji yaliliondoa mwaka ule wa mwisho, kabla hatujahamishwa. Mkungu ndio ulioanza kwenda.”

Alisema yote, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata neno moja lililomgusa likipita. Bi Sikudhani aliwahi kumsikia karani akisoma majina ya waliofikiwa na maji. Sauti ya mumewe ilikuwa ile.

“Ulikuwa unambeba mabegani,” akasema. “Maji yakitoka mnakwenda kuokota kombe za pwani. Anakushika masikio kama usukani. Anakwambia, kata kulia, nawe unakata kulia, unaingia kwenye dimbwi makusudi.”

“Kweli. Alikuwa mchangamfu.” Mzee Kondo akafikiri. “Alifariki kwa homa. Maskini.”

Hapo Bi Sikudhani akaketi kwenye benchi la kando ya njia. Na hapo ikamjia sawasawa ile siku ya majina.

Ilikuwa hivi. Kabla ya kuweka punje, Minza alimkalisha mbele ya kinasa sauti, akamwambia: “Bibi, nitajie wale ambao babu anawapenda, ambao hutaki waguswe. Watakaotajwa punje itawaruka. Lakini wataje kwa majina. Chombo kinasikia jina, hakisomi moyo.” Bi Sikudhani akataja ndugu za mumewe, na rafiki zake wa chumvini, na akajitaja mwenyewe kwa aibu. Kisha akafika penye jina la mtoto, ulimi ukasimama.

Maana mtoto alipewa jina la mama yake Kondo. Na mwanamke aliyelelewa vizuri hamtaji mkwewe jina. Hamtaji akiwa hai, hamtaji akifa, na mjukuu akipewa jina hilo, hamtaji huyo naye. Tangu mtoto alipozaliwa mpaka alipofunikwa udongo, Bi Sikudhani alimwita Mkwe. “Mkwe, njoo ule. Mkwe, umechafua gauni.” Watu wote walicheka, na mtoto mwenyewe akajidai, anamwamrisha mama yake maji ya kunawa. Jina lenyewe halikuwahi kupita kinywani mwa mama. Wengine ndio waliolisema. Pale kliniki wengine hawakuwapo.

“Ni hao tu, bibi?” Minza akauliza.

“Ni hao tu,” akajibu.

Akajiambia kwamba mtoto si mahali. Wanahamisha mahali, si watu. Mtoto atahamishwaje pamoja na mchanga? Akajiambia tena kwamba damu haiwezi kuisahau damu. Alijiambia mengi siku ile. Kumbe mtoto yule alikuwa mchanga wa pwani mtupu, alikuwa kombe na maji kupwa na kujaa, alikuwa mkungu ulioinama. Walipoung'oa utamu wa Kidembwa, walimng'oa naye akiwa ameng'ang'ania mizizini.

Basi pale kwenye benchi, ukingoni Nyashimba, Bi Sikudhani akalisema. Alifumba macho kwanza, kama anayemeza dawa chungu.

“Mwantumu.”

Mzee Kondo akamgeukia kwa mshangao wa upole. “Leo umelitaja! Jina la mama hilo. Jina zuri.”

“Mwantumu,” akasema tena, kwa nguvu, mpaka mama wa nguo za kuanika akageuka kutazama. “Mwantumu binti Kondo!”

Mumewe akampigapiga mgongoni taratibu. “Tulia, Sikudhani. Mbona unajiumiza? Pumua.” Na mkono wake ulikuwa mwema sana, na haukutetemeka.

*

Walifika karibu na taa. Mwanga wake wa kijani ulikuwa umeanza kuyafikia matofali mbele ya miguu yao, na Bi Sikudhani alisimama nje ya mwanga, akamshika mumewe bega, akapeleka vidole nyuma ya sikio. Uzi aliupata mara moja. Ulikuwa kama unywele.

“Nisikilize, mume wangu. Hapa nikivuta, utarudi ulivyokuwa. Utalala tena kuutazama ukuta, uji hutaki, mimi hunioni. Pengine safari hii hutoki. Lakini utamlilia mtoto wako. Nisipovuta, utabaki hivi ulivyo, na yeye atakuwa kwako kama mtoto wa jirani wa zamani. Nifanye nini?”

Mzee Kondo alitazama ziwa, akafikiri kwa dhati. Alikuwa siku zote mtu wa kufikiri kwa dhati.

“Mimi nasema usivute,” akajibu. “Niko salama. Siumwi popote. Lakini huoni kwamba unamwuliza aliyeshiba kama njaa ni nzuri? Yule wa ukutani alisema nini?”

Yule wa ukutani alisema mambo mawili. Bi Sikudhani aliyakumbuka yote mawili, na hilo ndilo lililokuwa janga lake. Asubuhi moja alisema, “Niache, Mama Mwantumu. Uchungu huu ndio kaburi lake lililobaki.” Na jioni nyingine, amechoka, mbavu zikihesabika, alipoombwa kwa mara isiyo na hesabu akubali punje, alisema, “Fanya utakavyo.” Bi Sikudhani akalishika hilo la pili, akakimbia nalo kliniki kama mtu aliyepewa ruhusa.

“Alisema nifanye nitakavyo,” akajibu.

“Basi fanya.”

Uzi ulikuwa katikati ya kidole gumba na cha shahada. Kuuvuta hakukuhitaji nguvu, mtoto angeweza. Alimwona Mwantumu akiwa juu ya mabega yale yale, miguu imechafuka tope la chumvi, anapiga kelele kata kulia, kata kulia. Alimwona pia mtu ukutani, shingo imekonda mpaka mishipa inacheza, na kikombe cha uji kimeshika utando juu. Alijua wote wawili wanamwita. Mmoja alikuwa amekwisha kufa na hangeweza kufa tena.

Vidole vikakaza.

“Sikudhani,” mumewe akasema, kwa aibu kidogo, kama mtu anayekatiza mazungumzo ya maana kwa jambo la kijinga. “Nina njaa. Ile michembe imenifungua tumbo. Nyumbani kuna nini?”

Nina njaa. Miezi mingapi alimpigia Mungu magoti ayasikie maneno hayo mawili? Alikuwa ameyaomba kwa namna zote, kwa dua na kwa nadhiri, na hakuwahi kuomba kitu kingine pamoja nayo.

Akauachia uzi.

“Kuna wali na mchicha,” akasema. “Na samaki nimemkaanga.”

“Samaki gani?”

“Sato.”

“Sato!” akasema Mzee Kondo kwa furaha, akatangulia. Alipita chini ya taa mikono nyuma, kofia imekaa upande, kama mwenye mji anayekagua mji wake. Haikulia kengele wala haikuwaka rangi nyingine. Uzi ulianguka tu begani mwake. Bi Sikudhani alimfuata, akauokota, akaufunga kwenye pindo la kanga. Kisha akaona ni upuuzi, akaufungua, akauachia maji. Upepo ukaurudisha ukanasa kwenye matofali. Akauacha hapo.

Walisimama juu ya mwamba. Jua lilikuwa limekwisha ingia, na nyumba za maboya zimewasha taa zao, zinapanda na kushuka. Ulikuwa mji mzuri. Mtu mkweli angesema ulikuwa mzuri kuliko Kidembwa. Bi Sikudhani aliutazama kila pembe, akijitahidi, akatafuta hata kitu kimoja cha kushikia. Akapata ile kamba ya nguo, basi.

“Hukunijibu,” Mzee Kondo akasema. Alimvuta karibu amkinge upepo, na kidevu chake kikagusa kichwa cha mkewe, pale pale kilipokuwa kikigusa zamani. “Nilikuuliza kule ngazini, ukanipiga chenga. Kwa nini na wewe hukubebeshwa? Ungekuwa unafurahi saa hizi. Tungekuwa tunafurahi wote.”

Bi Sikudhani aliyasikiliza maji yasiyo na chumvi yakilamba mwamba. Alitafuta uongo mdogo wa kumpa, wa mapenzi, kama wanaopeana mke na mume. Hakuupata.

“Kwa sababu nilijua,” akasema. “Tangu yule binti aliponiuliza majina, moyoni nilijua. Tungepona wote wawili, mume wangu, Mwantumu angebaki hana mtu.”